Kukunja Komiti Bila Kumpokonya Mwandishi Kazi Yake

Git ni programu ya kutunza historia ya msimbo, na kila badiliko lililohifadhiwa humo huitwa komiti. Kila komiti ya Git hubeba majina mawili, ingawa wengi wetu huliona moja tu. Jina la kwanza ni la mwandishi, yaani aliyeibuni na kuiandika kazi yenyewe. La pili ni la mwekaji, yaani aliyeiingiza kazi hiyo katika historia ya mradi. Mgawanyo huo haukuja kwa bahati. Linus Torvalds alipoiunda Git mwaka 2005, mabadiliko ya kiini cha Linux yalikuwa yakitumwa kwa barua pepe, na aliyepokea na kuyaweka mara nyingi hakuwa yule aliyeyaandika. Ilikuwa lazima pawe na mahali pa kumtaja kila mmoja. Ukitaka kuyaona majina yote mawili pamoja na tarehe zao, andika amri hii kwenye terminali:

```
git log -3 --format=fuller
```

Shida ambayo mwongozo huu unaishughulikia inaanzia hapo hapo. Nafasi ya mwandishi katika komiti ni moja tu. Unapozikunja komiti tano za watu watatu ziwe komiti moja, nafasi zilikuwa tano na sasa imebaki moja, kwa hiyo kuna watu wawili watakaokosa pa kukaa. Git haitakuuliza nani akae, wala haitakuonya. Itafuata kanuni yake kimyakimya, na kanuni hiyo hubadilika kulingana na amri uliyoitumia. Anayetaka haki itendeke hana budi kuamua mwenyewe, na kuamua kabla ya kukunja, kwa sababu baada ya kukunja ushahidi wenyewe huanza kupotea.

Hesabu watu kwanza

Tuchukulie kwamba Asha na Juma wamefanya kazi kwenye tawi (mkondo wa komiti ulio kando) linaloitwa malipo, nawe umepewa jukumu la kuisafisha historia yake kabla haijaunganishwa na tawi kuu, main. Usiguse kitu chochote kabla ya kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuacha alama ya kurudia:

```
git branch malipo-asili malipo
```

Tawi hili la akiba halina gharama yoyote ya maana, nalo litakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani. La pili ni kujua ni nani hasa wamo:

```
git shortlog -sne main..malipo
     4  Asha <asha@example.org>
     2  Juma <juma@example.org>
```

Herufi e katika amri hiyo ndiyo inayoleta anwani za barua pepe, na anwani ndizo zenye uzito kuliko majina, kwa kuwa huduma za kuhifadhi msimbo mtandaoni kama GitHub humtambua mtu kwa anwani aliyoisajili. Ukiona mtu mmoja ametokea mara mbili kwa anwani mbili tofauti, muulize ni ipi anayotaka itumike. Usikisie. Wapo wanaotumia anwani maalumu isiyopokea barua ili anwani yao halisi isionekane hadharani, na ukishaiandika ile halisi ndani ya komiti na kuisukuma kwenye seva, haifutiki kirahisi.

Idadi ya komiti haikuambii ukubwa wa kazi. Mwenye komiti nne anaweza kuwa amesahihisha tahajia mara nne, huku mwenye mbili akiwa ndiye aliyeandika moyo wa badiliko lote. Soma komiti zenyewe, moja baada ya nyingine, kabla ya kuamua nani awe mwandishi mkuu. Na mkishindwa kukubaliana, jiulizeni kama kweli komiti hizo zinapaswa kuwa moja.

Hilo nalisema kwa msisitizo, maana ndilo suluhisho ambalo watu hulipita wakikimbilia kwenye amri. Si lazima tawi lote liwe komiti moja. Kazi ya Asha ikiweza kutenganishwa na ya Juma, kunja za Asha ziwe moja na za Juma ziwe moja, na kila mmoja atabaki na nafasi yake kamili. Njia hii ina faida ambayo mistari ya kutaja waandishi wenza, nitakayoieleza hivi punde, haiwezi kuitoa: amri ya git blame, inayoonyesha nani aliandika mstari upi, husoma jina la mwandishi peke yake. Haiwajui waandishi wenza hata kidogo. Mtu akija miaka mitatu baadaye kutafuta wa kumuuliza kuhusu mstari fulani, ataelekezwa kwa aliyekalia nafasi ile moja, awe anaufahamu mstari huo au haufahamu.

Kukunja kwa git rebase

Njia iliyo salama zaidi kwa upande wa uandishi ni rebase ya maingiliano, yaani kuzipanga upya komiti za tawi kwa kuhariri orodha yake. Ukiwa kwenye tawi la malipo, andika:

```
git rebase -i --keep-base main
```

Neno --keep-base huliacha tawi likae pale pale lilipochipukia, badala ya kulihamishia kwenye ncha mpya ya main. Napendelea hivyo kwa sababu kukunja na kuhamisha ni kazi mbili, na ukizichanganya hutaweza tena kulinganisha matokeo na tawi la akiba kwa urahisi. Kihariri kitafunguka na orodha ya komiti, ya zamani ikiwa juu. Tuitazame sehemu yake:

```
pick 3f2a91c Ongeza jedwali la malipo
squash 8b07d4e Kagua kiasi kabla ya kuhifadhi
fixup 51ce6aa Sahihisha tahajia
```

Komiti ya kwanza ni ya Asha, ya pili ni ya Juma, ya tatu ni ya Asha tena. Kanuni ya Git hapa ni wazi: komiti zilizokunjwa zikiwa na waandishi tofauti, komiti mpya hupewa mwandishi wa ile ya kwanza, yaani iliyowekewa pick. Tarehe ya uandishi nayo huwa ya hiyo ya kwanza. Wewe unayekunja utaandikwa kama mwekaji, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Kwa hiyo hapa Asha atabaki na Juma atatoweka.

Kama uamuzi wenu ni kwamba Juma ndiye mwandishi mkuu, kishawishi ni kuupandisha mstari wake juu ya orodha. Mara nyingine hilo hufaa, lakini mara nyingi huzua migongano (mabadiliko ambayo Git haiwezi kuyapatanisha yenyewe) isiyo na sababu, kwa kuwa komiti yake ilijengwa juu ya ile ya Asha. Ni afadhali ukunje kwa mpangilio uliopo, kisha urekebishe jina baadaye:

```
git commit --amend --no-edit --author="Juma <juma@example.org>"
```

Amri hii hubadilisha jina na anwani, lakini huiacha tarehe ya komiti ya awali. Ukitaka ichukue uandishi mzima wa komiti fulani, pamoja na tarehe yake, tumia git commit --amend -c 8b07d4e, ambayo huleta pia ujumbe wa komiti hiyo na kukufungulia kihariri uuandike upya. Kitambulisho cha zamani bado kinafanya kazi, kwani komiti za awali hazifutwi papo hapo. Isitoshe, tawi la malipo-asili linazishikilia.

Tofauti kati ya squash na fixup hueleweka na wengi kama suala la ujumbe tu: squash huunganisha ujumbe wa komiti zote na kukupa nafasi ya kuuhariri, fixup huutupa ujumbe wa komiti inayokunjwa. Ni kweli, ila kuna jambo linalofichika humo. Ikiwa komiti unayoiwekea fixup ilikuwa tayari imemtaja mwandishi mwenza katika ujumbe wake, naye atatupwa pamoja na ujumbe huo. Niliwahi kulifanya kosa hili mimi mwenyewe: nilikunja kwa fixup komiti iliyoandikwa na watu wawili waliokaa kwenye kompyuta moja, nikamtaja yule aliyekuwa na jina katika nafasi ya mwandishi, na yule wa pili, ambaye alikuwa ametajwa mkiani mwa ujumbe tu, akafutika asiachwe hata kivuli. Aligundua yeye, si mimi. Tangu siku hiyo sikunji kitu kabla ya kuyakusanya majina ya mikiani.

Mistari ya mkia

Kwa kuwa nafasi ya mwandishi ni moja, desturi iliyoenea ni kuwataja waliobaki mwishoni mwa ujumbe wa komiti kwa mstari unaoanza na Co-authored-by. Git yenyewe haiupi mstari huo hadhi ya pekee. Kwake ni mstari wa mkia kama mingine. Lakini GitHub ilianza kuutambua mwaka 2018, GitLab nayo huutambua, na leo ndio unaofahamika kuliko wowote. Huna haja ya kuandika majina kwa mkono na kuhatarisha kukosea herufi. Yatoe kwenye historia yenyewe:

```
git log --format='Co-authored-by: %aN <%aE>' main..malipo-asili | sort -u
git log --format='%(trailers:key=Co-authored-by)' main..malipo-asili | sort -u
```

Amri ya kwanza huwatoa waandishi wa komiti zote bila kurudia. Ya pili huwatoa wale ambao tayari walikuwa wametajwa mikiani, ambao ya kwanza haiwezi kuwaona. Unganisha orodha hizo mbili, mwondoe yule atakayekuwa mwandishi mkuu kwa kuwa yeye anayo nafasi yake, na kilichobaki ndicho mkia wa ujumbe wako. Angalia pia kwamba herufi kubwa za N na E zinaheshimu faili la .mailmap, ambamo mradi huweka majina na anwani sahihi za watu waliobadilisha anwani. Ukiandika herufi ndogo, utapata yaliyoandikwa kwenye komiti kama yalivyo.

Ujumbe uliokamilika utafanana na huu:

```
Ongeza malipo na ukaguzi wa kiasi

Jedwali jipya linahifadhi kila malipo mara moja tu.
Kiasi kisicho halali kinakataliwa kabla ya kuhifadhiwa.

Co-authored-by: Juma <juma@example.org>
```

Muundo huu una masharti, na Git haina huruma nayo. Lazima pawe na mstari mtupu kati ya maelezo na mkia. Kila mtu apate mstari wake. Kisha, sharti linalovunjwa kuliko yote: kusiwe na mstari mtupu ndani ya mkia wenyewe, kwa sababu Git husoma aya ya mwisho pekee. Ukiandika Co-authored-by, ukaruka mstari, ukaandika Signed-off-by, ni ule wa pili tu utakaohesabiwa kuwa mkia. Wa kwanza utageuka kuwa sentensi ya kawaida.

Hapo ndipo squash inapowanasa hata wazoefu. Inapounganisha ujumbe wa komiti tatu, huupanga mmoja chini ya mwingine pamoja na mikia yake, hivyo mkia wa ujumbe wa kwanza hujikuta umekwama katikati, juu ya maelezo ya komiti ya pili. Ukiuacha hivyo na kuhifadhi, macho yako yataliona jina la mwandishi mwenza, lakini mashine haitaliona. Ipandishe mistari ya maelezo juu na kuishusha yote ya mkia chini kabisa. Kisha ithibitishe kwa kumuuliza msomaji mwenyewe, ambaye ni Git:

```
git log -1 --format='%(trailers)'
```

Kisichotokea hapo hakimo. Na ukigundua umemsahau mtu, toleo la Git la 2.32, lililotoka mwaka 2021, na yaliyofuata yanakuruhusu kumwongeza bila kufungua kihariri:

```
git commit --amend --no-edit --trailer "Co-authored-by: Juma <juma@example.org>"
```

Neno kuhusu Signed-off-by, maana watu huuchanganya na uandishi. Mstari huo ni tamko la aliyesaini kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo chini ya leseni ya mradi. Ulitokana na taratibu za Linux za mwaka 2004. Usimwandikie mtu tamko ambalo hakulitoa. Kama alikuwa amelitoa katika komiti yake ya awali, lihifadhi. Mradi wa kiini cha Linux wenyewe hautumii Co-authored-by bali Co-developed-by, na unadai kwamba kila mstari wa namna hiyo ufuatwe mara moja na Signed-off-by ya mtu huyo huyo. Soma kanuni za mradi unaouchangia kabla ya kuandika mkia wako.

Njia zinazokupa sifa usizostahili

Amri ya git merge --squash hupendwa kwa sababu ni fupi, nayo ndiyo hatari zaidi. Hukusanya mabadiliko yote ya tawi, huyaweka tayari kwa komiti, kisha hukuachia wewe uiandike komiti hiyo. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeiandika, wewe ndiye mwandishi. Asha na Juma hawamo popote. Ukiandika git commit bila kitu kingine, kihariri kitakuonyesha ujumbe wenye orodha ya komiti zote na waandishi wao, lakini mistari ile ya Author ni maandishi tu, si mkia. Ukiandika git commit -m, hata maandishi hayo huyaoni. Njia sahihi ni hii:

```
git switch main
git merge --squash malipo
git commit --author="Asha <asha@example.org>"
```

kisha ubadilishe ile orodha ndefu iwe maelezo mafupi yenye mkia. Vivyo hivyo kwa git reset --soft na git cherry-pick -n, ambazo nazo hukuacha na mabadiliko yasiyo na mwenyewe. Baada yake, malizia kwa git commit -c ukitaja komiti ambayo uandishi wake unataka uchukuliwe. Tena ukitumia reset, usirudi kwenye main moja kwa moja ikiwa main imesonga mbele, kwani komiti yako mpya itayafuta ya wengine. Rudi pale tawi lilipochipukia:

```
git reset --soft $(git merge-base main HEAD)
git commit -c 3f2a91c
```

Vitufe vya kukunja na kuunganisha vilivyo kwenye tovuti za kuhifadhi msimbo hufanya vizuri zaidi, maana GitHub huongeza mistari ya waandishi wenza yenyewe pale komiti zinapokuwa na waandishi kadhaa. Hata hivyo kisanduku cha ujumbe kiko wazi kuhaririwa, na mtu anayependa ujumbe mfupi hufuta kila kilicho chini ya mstari wa kwanza. Akifuta maelezo, amefuta na watu.

Saini ya kidijitali ni jambo jingine ambalo haliwezi kuokolewa. Komiti iliyokunjwa ni komiti mpya, na saini ya Juma iliyokuwa kwenye ya zamani haihamishiki. Ukiisaini mpya, unathibitisha kwamba wewe ndiye uliyeiweka, basi. Mradi unaotegemea saini za waandishi wenyewe usikunje.

Kagua kabla ya kusukuma

Linganisha kwanza msimbo na ule wa akiba, kisha majina:

```
git diff malipo-asili malipo
git shortlog -sne --group=author --group=trailer:co-authored-by main..malipo
```

Amri ya kwanza isionyeshe kitu. Ya pili, inayopatikana tangu toleo la 2.29 la mwaka 2020, huhesabu waandishi na waandishi wenza pamoja. Hesabu zitakuwa ndogo kuliko za mwanzo, lakini kila jina lililokuwemo katika orodha yako ya kwanza lazima liwemo na hapa. Likikosekana, git reset --hard malipo-asili itakurudisha ulikoanzia. Yote yakiwa sawa, sukuma kwa git push --force-with-lease, ambayo hukataa kufunika kazi ya mwenzako aliyesukuma wakati wewe unakunja. Ile --force tupu haina adabu hiyo.

Kama hukuweka tawi la akiba, jaribu git reflog. Kwa kawaida Git hukumbuka mahali tawi lako lilipokuwa kwa siku 90, na kwa komiti ambazo tawi halizifikii tena, kwa siku 30. Kumbukumbu hiyo iko kwenye kompyuta iliyofanya kazi hiyo pekee, si kwenye seva, kwa hiyo jaribu mapema.

Na jina likiwa limeshapotea ndani ya main, na wengine wameshajenga juu yake? Kuandika upya historia ya tawi linalotumiwa na wote ni kuwaadhibu wengi kwa kosa la mmoja. Faili la .mailmap halitasaidia, kwa kuwa hurekebisha utambulisho wa mtu katika historia nzima, haliwezi kumhamishia komiti moja mtu mwingine. Kinachowezekana ni kuiambatanishia komiti hiyo maelezo ya pembeni, ambayo hayabadilishi kitambulisho chake:

```
git notes add -m "Co-authored-by: Juma <juma@example.org>" 9d4c1f7
git push origin refs/notes/commits
```

Amri ya pili ni ya lazima, kwani maelezo haya hayasukumwi pamoja na matawi. Wenzako nao watapaswa kuyavuta kwa kuyataja, na tovuti nyingi hazitayahesabu katika takwimu za mchangiaji. Kwa sababu hiyo, mwandikie Juma umweleze kilichotokea, na uliongeze jina lake katika faili la wachangiaji la mradi kwa komiti ya kawaida, inayosema waziwazi inarekebisha nini.